Wauzaji wa "sarafu za Zheng He" mnatupiga mchana kweupe

Wakuu hii biashara ya "sarafu ya Mchina wa kale imeokotwa Lamu" imenichosha. Tangu ile Yongle Tongbao, sarafu ya shaba ya mfalme Yongle wa China, ipatikane kisiwa cha Manda huko Lamu, habari ikatoka 2013, kila mwenye simu na kipande cha shaba chenye tundu la mraba amekuwa mjukuu wa Zheng He, yule nahodha wa Yongle aliyesafiri hadi Afrika Mashariki, na bei wanazotaja aisee ni za kiwanja.

Juzi jamaa kanitumia picha inboksi, eti Yongle orijino, laki nane tu kwa sababu ana shida. Naangalia nyuma, maandishi ya Kimanchu! Jamani. Yongle katawala 1403 hadi 1424, enzi ya Ming, na sarafu yake nyuma ni tupu, hayo ya Kimanchu yamekuja na Qing, watawala Wamanchu walioiteka Beijing 1644. Nikamwambia mkuu hii mbele imeandikwa Qianlong, mfalme wa Qing, hata ingekuwa ya kweli ni ya karne ya 18, walimimina nyingi mno na za kawaida mpaka leo hazina bei ya maana. Akajibu "bro una wivu, waache wenye hela wanunue".

Nikaomba uzito na kipenyo. Katuma picha kaishika, imejaa kiganja kizima! Yongle ni milimita 25 hivi, gramu tatu na nusu au nne, hilo lako ni dude la feng shui, la kuvuta bahati, la kuning'iniza dukani. Na msianze kunitajia zile kubwa za Xianfeng, mfalme mwingine wa Qing, za miaka ya 1850, najua zilikuwepo, za thamani ya 50, 100 na kuendelea, ila ndo hizohizo zinafojiwa kupita kiasi.

Halafu ule ukijani mnaopaka. Kutu ya shaba ya karne nyingi imeng'ang'ania, ina rangi tofautitofauti, haitoki kizembe, ya kwenu ukipitisha pamba yenye asetoni ya kutolea rangi ya kucha pamba inageuka kijani na chini inang'aa njano mpya. Sarafu halisi zilimiminwa kwenye kalibu za mchanga, zikachomekwa nyingi kwa pamoja kwenye kijiti cha mraba zikapigwa tupa ukingoni, kwa hiyo hata za mwaka mmoja hazifanani sawasawa. Mwingine kaweka picha ya sarafu kumi zote zina kovu lilelile, kwenye herufi ileile, anaziita "koleksheni ya babu".

Na hilo neno "imeokotwa Lamu" mnajua mnajichongea? Kwa sheria ya Kenya ya 2006 vitu vya kale vilivyomo ardhini ni mali ya serikali. Kwa hiyo ama unauza feki ama unauza wizi, sasa useme ni ipi. Nimewauliza watatu kibali kiko wapi, wawili kimya, huyo wa laki nane kaniblok na tangazo lake bado liko hewani, kashusha mpaka laki sita.