Tupeane uzoefu: Uliionea wapi Major Payne, na kwa nini mpaka leo haikuchoshi?

Mtoto wa Majengo

Wakuu, mbukwenyi.

Vichekesho vingi vya Wazungu vimepita hapa Dodoma tangu enzi za mikanda ya VHS, na vingi ukivirudia leo unajiuliza zamani ulikuwa unacheka nini. Major Payne haimo humo. Ilitoka Marekani Machi 1995, na mpaka leo ikiwekwa kwenye basi la Singida utaona mzee aliyekuwa amesinzia anainua kofia, na mtoto aliyepakatwa anageuza shingo. Nataka tukusanye visa hapa: uliionea wapi, ukiwa na nani, kipande gani hakikutoki kichwani. Visa vya kweli, si vya kuokoteza.

Kwa vijana ambao hawajaiona: Damon Wayans ni Meja Benson Payne, askari wa Marine mwenye jino la dhahabu na kicheko chembamba kinachokereketa. Amepitwa kupandishwa cheo, jeshi linampumzisha kwa heshima, na uraiani hana anachokijua. Anajaribu upolisi. Kwenye majaribio wanamwigizia ugomvi wa mume na mke ili aamue, yeye anamshushia kipigo yule mume hadi inakuwa kesi. Mwishowe jenerali wake wa zamani anamtafutia kibarua cha kufundisha wavulana wa Madison, shule ya bweni ya kijeshi kule Virginia, ambayo kwenye mashindano ya shule za namna hiyo imezoea kuburuza mkia. Wavulana wenyewe ni watoro, wagonjwa, wanene, mmoja ni kiziwi, na mmoja, Tiger, ni yatima wa miaka sita tu.

Mimi niliiona banda la video, Majengo. Runinga majumbani zilikuwa za kuhesabu. ITV ilikuwa imeanza 1994, na kabla ya mwaka huo Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Mabenchi ya mbao, magunia madirishani, na mwenye banda amesimama kando ya runinga akitusimulia kwa Kiswahili, maana Lufufu wa Dar es Salaam alishawafundisha watu kwamba filamu ya kigeni bila msimulizi haijakamilika. Ikafika pale Tiger hapati usingizi kwa kuogopa dude lililomo kabatini. Payne hambembelezi. Anachomoa bastola, analimiminia kabati risasi, kisha anamhakikishia mtoto kwamba kama dude bado limo, basi halina raha. Banda zima lilipasuka. Msimulizi wetu akangoja kelele zitulie, akasema kwa upole kabisa: "Lala mwanangu, afande kamaliza kazi."

Kwangu nguvu ya filamu yote iko hapo. Yule bwana hajui kumbembeleza mtoto, hakuna aliyemfundisha. Anatumia alicho nacho, na mtoto analala. Baba yangu hakuwahi kuniambia pole hata siku moja, ila nikianguka na baiskeli, asubuhi naikuta imenyooshwa rimu na kutiwa mafuta. Ndiyo maana nikimwona Payne nacheka na kitu kinanigusa hapohapo.

Karibuni.

Kuruta wa Mujibu

Mkuu umenigusa. Mimi niliiona mara mbili kwa maana mbili: kabla ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na baada ya JKT.

Kabla, nikiwa kidato cha nne, nilikuwa nacheka kwa kuwaonea huruma wale wavulana. Baadaye tukamaliza kidato cha sita, tukapangiwa kambi kwa mujibu wa sheria (wadogo zangu, utaratibu huu ulisitishwa 1994, ukarudishwa 2013), mimi nikaangukia Makutupora, hapahapa Dodoma. Filimbi kabla jua halijawaza kutoka. Mchakamchaka, fatiki, kwata, kichura. Vumbi la Makutupora unalijua mwenyewe, linaingia hadi kwenye chai. Tulikuwa na afande mmoja wa kike, mwembamba, sauti yake unaisikia ukiwa hanga (bweni) la mwisho. Wiki ya kwanza nilimwogopa kuliko nyoka. Usiku mmoja mwenzetu akashikwa na malaria. Tukaamka alfajiri tukamkuta afande yuleyule amekaa kitandani kwa mgonjwa, buti hajavua, anamnywesha uji. Filimbi ilipolia akasimama, akaanza kutufokea upya kana kwamba hakuna kilichotokea!

Niliporudi nyumbani nikaiweka Major Payne na wadogo zangu. Ilipofika kule mwishoni kwenye mashindano, wale vijana wanapopiga kwata huku wanacheza, nilisimama sebuleni nikaanza kuimba chenja, zile nyimbo za mchakamchaka. Mama akadhani nimepagawa. Lakini atakayenielewa ni aliyepita kambini: ile kwata yenye mdundo si mbwembwe za filamu. Chenja ndiyo inayokufikisha pale ambapo miguu imeshakataa. Mkiimba pamoja hakuna anayejua nani amechoka zaidi.

Zabibu Chungu

Mimi niliiona Area C kwa jirani, nilienda kumwangalia Karyn Parsons, aliyecheza kama Emily. Huyo Emily, mshauri wa wanafunzi pale shuleni, ndiye mtu pekee anayesimama mbele ya Payne na kumwambia hawa ni watoto, si kikosi. Wanaume wengi hawamtaji. Nimemtaja.

Masikio ya Buigiri

Nami niweke changu, japo nimeisikia tu. Mimi ni asiyeona, nimesoma shule ya wasioona ya Buigiri kule Chamwino. Filamu kwangu ni sauti na rafiki wa pembeni anayenieleza kinachoendelea. Sasa rafiki akicheka sana anasahau kueleza, unabaki unamvuta shati.

Major Payne inafaa kusikilizwa. Ile sauti ya Wayans ameitengeneza ya puani, ya kubana, ukishaisikia mara moja unamjua hata akinong'ona. Milipuko, buti, kelele za wavulana, vyote vinakuonyesha chumba kilivyo. Nilikuwa nimeshaipenda kabla haijafika mwisho. Lakini mwisho ndio ulioninunua. Payne amerudi shuleni, muhula mpya umeanza, na katika wanafunzi wapya yuko asiyeona mwenye mbwa wa kumwongoza. Kijana ana mdomo. Anamjibu afande. Rafiki yangu akanyamaza, nikahisi anaogopa kuniambia kinachofuata. Nikambana hadi akasema: Payne kachomoa kisu, anamnyoa yule kijana kipara, na mbwa wake naye ananyolewa.

Nilicheka mpaka nikalia, ndugu zangu. Maisha yangu yote, nikikosea, watu husema mwacheni, hana macho. Darasani hata adhabu wenzangu wakipewa mimi naambiwa nikae kivulini. Hapo kwa mara ya kwanza nikasikia mwenzangu anachukuliwa kuwa mkorofi kamili, anayestahili kunyolewa sawa na wengine. Wapo watakaosema ni dharau. Mimi niliipokea kama heshima, na bado naipokea hivyo.

Mtoto wa Majengo

Mkuu hii sikuitarajia. Nimeiona filamu hii tangu mdogo na kile kipande nilikuwa nakipita tu. Asante sana.

Afande Mstaafu

Hamjambo vijana. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, mimi nasema yeye anabonyeza.

Kwanza yasiyo sahihi. Afande hachezi na silaha ya moto karibu na watoto. Afande havunji kidole cha askari aliyejeruhiwa ili asahau maumivu ya risasi, kama anavyofanya huyu mwanzoni. Kule kuwatuma wavulana wakaibe kombe la shule pinzani, kisha kuwatonya wapinzani wawasubiri na kuwapiga, mimi ningemfungulia mashtaka. Kamanda hawauzi vijana wake, hata kwa kuwafunza. Hilo sikulicheka na sitalicheka.

Lakini nilivyoangalia zaidi nikaona mwandishi anajua kitu. Mimi nilirudi kutoka vita vya Uganda 1979, nikiwa kijana. Baadaye nikastaafu, nikaja kujenga Nkuhungu. Kustaafu kulinishinda kuliko vita. Asubuhi unaamka, hakuna anayekusubiri. Unakwenda sokoni Sabasaba, muuza nyanya anakujibu anavyotaka, hakuna cheo. Watoto wako wanakuita baba lakini wamekuzoea ukiwa safarini. Nyumbani nilikuwa natoa amri. Mke wangu, Mungu amrehemu, alinivumilia muda mrefu, halafu siku moja akaniambia kwa utulivu: "Mume wangu, hapa hakuna kikosi."

Sasa angalia Payne akiwa na ile bahasha ya kumrudisha vitani. Ndicho alichokuwa anakililia tangu filamu inaanza. Anafika hadi stesheni. Anaiona familia ya watu pale, anawakumbuka wavulana, anageuka. Watoto wa banda walikuwa wanangoja kichekesho kinachofuata. Mimi pale nilitoka nje nikavuta hewa.

Wenzangu wengi tuliotoka jeshini hatuzungumzi mambo haya. Tukikaa tunaongea mikoa na vyeo. Filamu hii tukiitazama pamoja ndipo mmoja huanza, "hata mimi nilikuwa hivyo", na wa pili anaitikia. Kwa hilo naipenda.

Kuruta wa Mujibu

Shikamoo afande. Nimesoma maneno yako mara mbili.

Afande Mstaafu

Marahaba binti. Makutupora mlikula maharage au bado yanawakimbia?

Mzee wa Mikanda

Niliwahi kukodisha mikanda pale mjini, basi niwape asili yake. Hadithi hii ilishawahi kuchezwa 1955 na Charlton Heston, naye ni afisa mkali anayepelekwa kwenye shule ya watoto, ila ile shule inaendeshwa na watawa. Inaitwa The Private War of Major Benson. Nick Castle ndiye aliyeongoza ya 1995. Nimeziona zote. Ya Heston ni safi, imepigwa pasi. Ya Wayans ina njaa ndani yake. Meja wake ni mtu mweusi asiye na mke wala mtoto wala kwao, ana jeshi tu, na mchekeshaji anacheza bila kukuonyesha kwamba anachekesha: hakonyezi, hacheki na wewe, anaamini kila neno analosema. Hiyo ndiyo inayoitunza. Mzaha wa maneno huzeeka. Mtu mwenye msimamo wake wa ajabu hazeeki.

Na mtakumbuka karatasi za peremende za rangi ya dhahabu. Watoto wa Chang'ombe walikuwa wanazibandika kwenye jino la mbele, mtaa mzima mameja.

Reli ya Kati

Mimi ni wa Saranda. Mliopanda treni mnapajua: mnashuka kununua kuku na mayai, halafu treni inaanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni, polepole, inanguruma unasikia nyumba nzima. Baba alikuwa wa reli. Usiku ikipita ya mizigo alitusimulia kwamba kichwa kinajisemea, "nitafika, nitafika". Hatukulala mpaka ifike.

Nikiwa mkubwa nikaona Payne anamsimulia Tiger hadithi ya treni ndogo inayopanda mlima. Anaanza vizuri. Halafu hajui hadithi za watoto zinavyokwenda, anaigeuza ya vita, damu na viungo vinaruka, na mtoto ametoa macho. Wenzangu walikuwa wanagaragara sakafuni. Nami nilicheka, lakini nilimsikia baba. Na yeye treni zake zilikuwa zinaacha reli, zinakanyaga ng'ombe, kuna moja ilizama kwenye mafuriko. Alikuwa anatusimulia kazi yake, maana hakuwa na hadithi nyingine.

Mwl. wa Kibaigwa

Nakubaliana na mengi, ila niseme la upande wa pili. Nafundisha, na nimeona filamu hii ikitumiwa vibaya. Kuna watu wazima wanaoikumbuka nusu ya kwanza tu, ile ya kuwavisha wavulana magauni na kuwakimbiza usiku, wanasema mnaona, ukali ndio dawa. Angalieni tena. Ukali wa nusu ya kwanza haukuzaa kitu zaidi ya chuki, hadi wale watoto wakamkodi jitu moja la pikipiki lije limpige. Mambo yanabadilika siku ya wazazi. Baba wa kambo wa Alex Stone, mmoja wa wale wavulana, anakuja amelewa, anamdhalilisha kijana mbele ya watu, na Payne anaona. Kuanzia hapo anamjua mwanafunzi wake. Kabla ya hapo alikuwa anamjua jina tu.

Niliwaonyesha klabu yetu ya maigizo. Walicheka vizuri mpaka hapo kwa baba mlevi. Wengine wakaendelea kucheka kwa mazoea. Kijana mmoja hakucheka. Alibaki nyuma kupanga viti ambavyo havikuhitaji kupangwa, nami nikabaki navipanga naye. Tuliongea hadi jioni. Nilikuwa nimemfundisha muda mrefu nikimwandika "mzembe".

Mtoto wa Majengo

Mwalimu, hiyo ya nusu ya kwanza nakuunga mkono kabisa. Hata kwenye mashindano, afande anawakuta uwanjani mwishoni, lakini ile kwata wanaipiga wenyewe, na anayeongoza sauti ya kwata ni Tiger.

Jambo moja. Watu wa Majengo tumekubaliana tuionyeshe Jumamosi usiku uani kwangu, projekta ipo, shuka jeupe lipo. Afande, tutakutumia bodaboda. Masikio, na wewe njoo, umechagua nani akusimulie?

Masikio ya Buigiri

Nimchague Afande. Ila aahidi hatatoka nje kile kipande cha stesheni kikifika, maana nitakosa.

Afande Mstaafu

Nitakaa. Bodaboda ije saa kumi na mbili kamili, si na robo.

Binti Kondoa

Nimechelewa, nafunga duka. Sisi Kondoa tuliiangalia kwenye harusi ya kaka, mkanda wa picha za harusi ulipogoma. Nikifika nyumbani nawaandikia, kina mama wa pale walimtafutia Payne mchumba hadi jina.