Redio ya Corolla 110: niitoe au niifungie ekspanda?

Mtu_wa_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110 niliyoachiwa na mzee. Redio ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani, ya kaseti, na FM yake inaishia 90. Kutoka Tabata hadi Posta napata stesheni mbili tatu tu, EFM 93.7 naisikilizia kwenye daladala zilizosimama ubavuni mwangu, foleni ya Buguruni.

Fundi mmoja Gerezani anataka laki mbili na nusu aniwekee redio ya Android yenye kioo kikubwa. Nilipomwona ameshashika koleo nikamwambia ngoja kwanza. Mzee kaacha kaseti za taarabu droo nzima, na bado zinalia vizuri. Nifanyeje?

chuma_cha_mjapani
Weka Android mkuu. Kamera ya nyuma, ramani, kila kitu. Kaseti hamishia kwenye flashi, yaishe.

Fundi Waya
Redio yako nzima, haiumwi. Japani ya miaka ile FM ilikuwa 76 hadi 90, kwetu ni 88 hadi 108. Nunua ekspanda, kile kidude kinachoshusha namba za stesheni ziingie kwenye redio ya Kijapani. Unachomoa waya wa antena nyuma ya redio, unachomeka kwenye ekspanda, ekspanda inaingia kwenye redio. Waya mwekundu ACC, yaani moto unaokuja ukiwasha ufunguo, mweusi kwenye bodi ya gari. Hakuna kukata kitu.

Zipo za aina mbalimbali. Ile inayoshusha 14, EFM utaikuta 79.7, na Times ya 100.5 utaikuta 86.5. Andika kwenye karatasi ubandike hadi uzoee. Ubaya wake, zile za chini ya 90 unazopata sasa huenda zikakimbia.

Halafu fungua milango uangalie spika. Karatasi zake kwa umri huo huwa zimeshachanika pembeni, na hapo hata uweke redio ya milioni utasikia mikwaruzo tu.

Siku ukiamua Android, dai soketi ya Toyota ya kuchomeka. Njano ina moto muda wote, nyekundu ni mpaka uwashe ufunguo. Akiziunganisha pamoja, betri haitaamka.

Mama Bebi
Hilo la betri ni kweli kabisa. IST yangu tuliisukuma Jumapili asubuhi, baba watoto na viatu vya kanisani.

Mtu_wa_Tabata
Shukrani fundi. Na ile modyuleta ya kuchomeka kwenye kiberiti, ya kupigia muziki wa simu?

Fundi Waya
Inafanya kazi, ila ukishafunga ekspanda hesabu inabadilika. Modyuleta iweke 98, kwenye redio tafuta 84.

Mtu_wa_Tabata
Mrejesho wakuu: nimefunga Jumamosi, dakika ishirini. EFM iko 79.7 kama ulivyosema. Wasafi ya 88.9 imepotea, na binti yangu kaninunia kiti cha nyuma. Nimemwekea kaseti ya babu yake, akauliza mbona wimbo mmoja hauishi.