Bangkok mara ya kwanza, na hela ni ya mawazo

mama_magauni: Wakuu, nauza nguo Kariakoo. Mwezi ujao nashuka Bangkok siku nne kuangalia mzigo, bajeti imebana mpaka basi. Nikitoka uwanjani nielekee wapi?

binti_ilala: Dada, achana na teksi. Pale Suvarnabhumi shuka chini kabisa, panda treni ya mjini, teremka Ratchaprarop. Soko la nguo la Pratunam unalifikia kwa mguu, na vyumba vya bei poa vipo jirani. Treni inakoma saa sita usiku. Ila kabla ya uhamiaji pitia dawati la afya na kadi yako ya homa ya manjano. Mie nilisota kwenye foleni, kufika dirishani nikarudishwa. Nilitamani kulia, miguu imevimba kama maandazi.

Kesho yake dereva wa bajaji (zao zinapiga kelele kuliko zetu za Mbagala) akaniambia Kasri la Mfalme limefungwa, bora anipeleke duka la vito. Nikaingia mkenge, nikatoka na pete ya kioo. Kasri lilikuwa wazi!

babu_temeke: Chakula halali kipo Sukhumvit Soi 3, kwa Waarabu. Foleni ikikaza kama Ubungo, panda boti za mfereji wa Saen Saep. Funga mdomo, maji yanaruka na hayanukii.

mama_magauni: Asanteni. Binti, hiyo pete bado unayo? Kuna mtu namdai, nataka nimfundishe adabu.