Ushauri: Kahawa chungu London, dele halipati moto na Jumamosi imekaribia

MwanaMvita_Ughaibuni:
Assalamu alaikum ndugu zangu wa Mombasa. Niko London, mwaka wa pili wa digrii. Karibu na bweni letu umefunguliwa mkahawa mpya, nikaenda kuujaribu. Kahawa yao si mbaya, ila yote ni ya mashine. Nikamsimulia mwenye mkahawa kuhusu kahawa chungu yetu, ikampendeza, akaniambia nije niwapikie wateja Jumamosi jioni. Dele la shaba, lile birika letu la kupikia kahawa, ninalo, la lita mbili. Nikiliweka jikoni halipati moto kabisa! Nikipika kwa sufuria, kahawa inajaa mashapo mdomoni na juu inafanya utando. Jumamosi ni keshokutwa. Usingizi sina.

FundiDele:
Bila shaka jiko lako ni la induksheni, lile la kioo linalopasha chombo chenyewe. Linahitaji chombo chenye chuma kinachovuta sumaku, na shaba haivuti. Dele si bovu. Chukua sufuria ya chuma, bandika sumaku kitakoni. Ikishika, hiyo ndiyo ya kupikia. Dele lisuuze kwa maji ya moto, kisha mimina kahawa iliyoiva ndani ukaandalie.

Na kabla ya yote tazama ndani ya dele. Likiwa jeupe kama fedha, limetiwa bati. Likiwa jekundu au la manjano, bati limekwisha au halikuwahi kutiwa. Kahawa ina asidi, ikikaa humo itakula shaba na kuleta kutu ya kijani. La namna hiyo usilitumie.

BintiKibokoni:
Kwa lita mbili za maji: kahawa gramu 100, tangawizi kavu iliyopondwa vijiko viwili vya chai, iliki punje kumi. Tangawizi na iliki zitangulie dakika tano, ndipo utie kahawa. Ikianza kupanda, punguza moto. Ukizubaa inamwagika jiko zima. Ichemke polepole dakika kumi, ipua, ifunike, iache itulie dakika kumi nyingine. Usiikoroge tena. Utapata kama lita moja na nusu, kwa sababu unga hunywa maji na mengine huenda na mvuke. Hivyo ni vikombe 30 vya mililita 50.

Mashapo yanatokana na kusaga. Umesagiwa kwa mashine ya spreso, sivyo? Unga ule ni laini mno, hautulii chini. Mwambie akusagie mkubwa zaidi, kama mchanga wa pwani.

MwanaMvita_Ughaibuni:
Ndiyo, nilisagiwa pale pale mkahawani. Dele ndani ni jeupe, alhamdulillahi. Nilifikiria pia kununua buni mbichi nikaange mwenyewe, na kutafuta makaa.

FundiDele:
Makaa ndani ya nyumba hapana! Yanatoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na vyumba vya huko hufungwa madirisha kwa baridi. Inaua watu usingizini. Buni nayo, kwa kahawa chungu, huikaanga mpaka upite mlio wa kwanza wa punje kupasuka na kuingia wa pili. Moshi wake utaamsha king'ora cha bweni zima. Nunua iliyokwisha kukaangwa sana, ikiwa nzima.

Marikiti_Viungo:
Mimi naona jambo kubwa ni vitafunio. Kahawa chungu bila tende, haluwa au kashata mtu ataiacha kikombe cha kwanza. Lakini kashata ya njugu uiandikie kibao: sheria ya Uingereza ina orodha ya vyakula 14 vinavyodhuru watu wenye mzio, njugu zimo na ufuta umo. Mteja lazima ajue kabla hajala.

MzeeWaBaraza:
Mwanangu, wazazi wamekutuma kusoma. Na hujasema: huko mkahawani unalipwa?

MwanaMvita_Ughaibuni:
Mzee wangu, shikamoo. Ni jambo dogo tu la Jumamosi.

MzeeWaBaraza:
Marahaba. Nimeuliza unalipwa au hulipwi.

MwanaMvita_Ughaibuni:
Tumekubaliana nusu ya mauzo. Vyombo na viungo vyangu, nafasi yake. Si mshahara, kwa hiyo sikuihesabu kuwa ni kazi. Na vikombe 40 nimeshanunua.

SheriaNyali:
Hapo ndipo penye hatari, wala si kwenye dele. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza hairuhusu kujiajiri wala kufanya biashara. Kugawana mauzo huku vyombo ni vyako ndiko kujiajiri kwenyewe. Kuajiriwa unaruhusiwa: kwa masomo ya digrii, saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, wiki ikihesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Una kazi nyingine?

MwanaMvita_Ughaibuni:
Ninayo. Saa 16 dukani. Lakini mkahawani ni saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku tu, na hakuna anayejua!

SheriaNyali:
Hizo ni saa tano. 16 na 5 ni 21, umepita. Na viza ikivunjwa kwa saa moja imevunjwa.

Mkongowea:
Samahani, mimi uzi huu siuamini. Mtu yuko London mwaka wa pili hajui jiko la bweni lake? Kila tukimuuliza linazuka jambo jipya. Nyuzi za namna hii mwisho wake ni namba ya simu ya kuuza madele.

MwanaMvita_Ughaibuni:
Siuzi kitu. Mwaka jana bweni lilikuwa na jiko jingine, hili ni geni kwangu. Unataka alama ya London? Birika letu lina ukoko mweupe chini, ukimimina maji vinatoka vipande vyeupe vinaelea.

BintiKibokoni:
Mkongowea, huyu yuko London kweli. Maji ya kule ni magumu, yamejaa chokaa. Yakichemka, chokaa inajitenga. Na huo utando wako umetoka hapo hapo, pamoja na mafuta ya kahawa iliyokaangwa sana. Chokaa pia huua ukali wa kahawa, ndiyo maana inapooza. Chemsha maji kwanza, yaache yatulie, mimina ya juu uache ya chini. Au tumia jagi lenye chujio.

Mkongowea:
Basi niwie radhi, ndugu yangu. Lakini msikilize SheriaNyali.

SheriaNyali:
Mwambie mwenye mkahawa akuajiri kwa mshahara, saa nne zisizozidi, naye ahakiki haki yako ya kufanya kazi kwa ule msimbo (share code) unaoutoa kwenye akaunti yako ya viza. Usiseme utafanya bure: kazi bila malipo nayo huhesabiwa. Kesho asubuhi nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni, wakuthibitishie kabla hujawasha jiko.

MwanaMvita_Ughaibuni:
Nimemwandikia. Amejibu Jumamosi hii isubiri, aulize mhasibu wake kwanza. Nimeumia, nilishawaalika rafiki zangu. Kesho nitawapikia bwenini, bila kuuza. Iliki niiponde na maganda?

BintiKibokoni:
Na maganda yake. Maji uyatulize tangu usiku.