Firigisi, maini na moyo wa kuku: wapishi wa nyumbani tupeane uzoefu

Mama Kulwa wa Sinza
Habari za jioni wapendwa. Leo nimepita soko la kuku la Shekilango nikakuta kijana anauza firigisi tupu kwenye ndoo, nikachukua nusu kilo. Nimefika nyumbani, kuanza kumenya ile ngozi ya njano, harufu ikanirudisha jikoni kwa bibi yangu Ifakara. Mimi nashika kibatari, yeye anaipasulia firigisi kiganjani, anamwaga vijiwe na punje za mpunga, kisha anaivuta ngozi kwa ukucha wa dole gumba, inatoka nzima kama soksi. Zangu zinakatikakatika, nusu saa sasa. Na kila nikipika zinakuwa ngumu kama kandambili. Naombeni kila mmoja aseme anavyopika na yaliyowahi kumkuta.

Mpishi wa Usiku
Umenikumbusha mbali sana.

Fundi Karai
Dada, kosa ni kukaanga moja kwa moja. Firigisi ni msuli unaofanya kazi mchana kutwa, maana kuku hana meno, vile vijiwe ndivyo vinamsagia. Chemsha kwanza na tangawizi, kitunguu swaumu na chumvi kidogo, moto mdogo. Ya kuku wa kisasa ipe dakika 45, ya kienyeji saa nzima na zaidi. Uma ukiingia bila kusukuma, hapo ndipo mafuta yanapanda karaini.

Binti Mgeni
Papai bichi! Kwangua kijiko kimoja, changanya, acha nusu saa, suuza. Ila usisahau ukalala nazo, utakuta uji.

Fundi Karai
Papai linaharibu ladha. Firigisi lazima itafunike.

Binti Mgeni
Wewe una meno yako yote. Mama yangu ana miaka 78, naye anaipenda.

Mwana wa Kakamega
Jameni, kwetu Uluhya hiyo inaitwa imondo na ni ya mwenye boma. Mgeni wa heshima akija, mkwe haswa, bila imondo hujampikia kuku. Nilipokuwa mdogo niliiba moja sufuriani. Kichapo cha siku hiyo nakikumbuka hadi leo.

Mjukuu wa Masaka
Afadhali nyinyi. Mama yangu mkubwa aliolewa Buganda, kule zamani mwanamke hakula kuku wala yai, sembuse firigisi. Anapika, ananusa, anapakua, basi.

Shemeji wa Kahama
Huu uzi umenitonesha. Mimi firigisi ilitaka kunivunjia ndoa, na siongezi chumvi.

Nilikuwa na miezi minne ya ndoa, tunaishi Kahama. Mimi mtoto wa Temeke, kuku niliyemjua ni wa kisasa, unamnunua ameshanyonyolewa na kusafishwa. Baba mkwe akaja kutoka kijijini na jogoo mwekundu ndani ya tenga, amempakata njia nzima kwenye basi. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Kijana wa jirani akachinja, nikanyonyoa mwenyewe, ikabaki kupasua. Nikaingiza mkono nikavuta kila kitu kwa mpigo mmoja. Maini niliyajua, moyo niliujua. Halafu kukawa na donge gumu, limejaa, ukilibonyeza linakwaruza kwa ndani. Nikajua hilo ndilo tumbo la kinyesi. Nikalitupa shimo la taka pamoja na matumbo. Na nyongo ikanipasukia juu ya ini, kijani kikatapakaa, nikasuuza nikaona yatosha.

Nikaunga na nazi, nikapakua vizuri, nikapiga goti kumnawisha. Mzee akachukua kijiko akaanza kugeuza vipande kwenye bakuli. Akageuza tena. Kimya. Akaonja ini, akalitoa mdomoni polepole akaliweka pembeni ya sahani. Ugali akaumalizia kwa mchicha, nyama hakuigusa. Akamtazama mume wangu, akatoka kukaa nje.

Mume wangu akanifuata jikoni. "Firigisi ya baba iko wapi?" Nikamwambia sijaiona. Maana firigisi niliyoijua mimi ni ile iliyokatwakatwa kwenye supu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umempa nani?"

Ngojeni, mtoto analia, narudi.

Mpishi wa Usiku
Usituache njia panda dada!

Mwana wa Kakamega
Nimeweka kigoda hapa.

Kaka Mkubwa
Huyo mzee simwelewi. Kipande cha nyama kinatosha kumfanya mtu akatae chakula? Mila za kumnyanyasa mwanamke hizo.

Bibi Harusi wa Zamani
Mzee hakunyanyasa mtu, hakufungua hata kinywa. Kabeba jogoo kutoka kijijini, na ini limejaa nyongo. Wewe ungelimeza?

Kaka Mkubwa
Ningemeza, ningeshukuru, ningeomba maji.

Afisa Afya Mstaafu
Wakati tunamsubiri, niseme la muhimu. Msioshe kuku wala vya ndani yake chini ya bomba linalotiririka. Matone yanaruka na bakteria, Campylobacter na Salmonella, yanatua kwenye sahani safi na kachumbari. Moto ndio unaoua, maji hayaui.

Mama Ndimu wa Tanga
Baba, heshima yako, lakini kuku asiyeoshwa kwangu haingii sufuriani. Ndimu na chumvi, maji matatu.

Afisa Afya Mstaafu
Ndimu inaondoa shombo tu, mama yangu. Kama lazima uoshe, tumia beseni, taratibu, kachumbari ikiwa mbali, kisha safisha beseni, ubao na mikono kwa sabuni.

Mama Ndimu wa Tanga
Beseni sawa. Hapo tumeelewana.

Mkaazi wa Columbus
Salamu kutoka Ohio, Marekani. Huku wana Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, kila nyumba bata mzinga. Mwaka wangu wa kwanza nikajitolea kumwoka mimi. Sikujua kwamba shingo, firigisi, moyo na ini hufungwa kwenye kifuko na kurudishwa tumboni mwa ndege. Nimemtoa baada ya saa nne za kuokwa, nakata mbele ya wenzangu wa kazini, kisu kikakutana na karatasi. Mezani kimya. Bahati kilikuwa cha karatasi, mwenyeji mmoja akanieleza kingekuwa cha plastiki kikayeyuka, nyama yote ya kutupa. Siku hizi nakichomoa mapema, nachemsha firigisi na shingo, supu yake ndiyo naungia mchuzi. Wenzangu wanauliza nimeweka nini.

Shemeji wa Kahama
Nimerudi.

Nikamwambia mume wangu sijampa mtu, matumbo yote nimetupa. Akachukua tochi na jembe, akaenda shimoni saa tatu usiku. Mimi nimesimama mlangoni nalia. Akafukua maganda ya ndizi, akafukua majivu, mpaka akalipata lile donge. Akalisuuza, akalipasua palepale kwa kisu cha jikoni. Punje za mahindi, mtama, vijiwe vyeupe, na kipande kidogo cha kigae cha bluu. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaipeleka hivyohivyo kiganjani hadi kwa baba yake: "Baba, firigisi hii hapa. Alidhani ni uchafu."

Mzee akaishika, akaigeuza kwenye mwanga wa tochi. Akasema, "Kumbe mtoto hajui kupasua. Mimi nilidhani hataki nile kwake." Nilichokosea mimi ni nyama, alichokisikia yeye ni kwamba amefukuzwa.

Asubuhi akamtuma mume wangu sokoni kununua jogoo mwingine. Akaketi jikoni na mimi, mkwe na mkwe, jambo ambalo kwao si la kawaida. Akanionyesha: nyongo usiivute, kata na kipande cha ini chenyewe, bora upoteze ini kidogo. Firigisi ichane kwa upande mwembamba, usifike ndani, ukiiona ngozi ya njano acha kisu, fungua kwa vidole. Ikitoka na kijifuko chake kizima, hutahitaji hata kuosha mara mbili. Alifariki mwaka juzi. Kila nikipasua kuku namsikia.

Mpishi wa Usiku
Natafuta leso.

Kaka Mkubwa
Nafuta nilichoandika juu ya mzee. Apumzike kwa amani.

Bibi Harusi wa Zamani
Amina. Nami nakazia la nyongo, kata na nyama yake. Ikishapasuka hakuna ndimu wala siki itakayookoa lile ini.

Mgonjwa wa Jongo
Jamani na kiasi. Nilikuwa nakula maini na firigisi kila jioni, dole gumba la mguu likavimba hata shuka haligusi. Daktari akaniambia vya ndani vinapandisha asidi ya yuriki. Sasa naangalia wenzangu wakila.

Mama Kijacho
Mimi kliniki wameniambia nile maini, damu ipande.

Afisa Afya Mstaafu
Kweli, ini lina madini ya chuma kwa wingi. Lakini lina vitamini A nyingi sana pia, na ikizidi si nzuri kwa mtoto tumboni. Waulize wakupangie kiasi, usile kila siku. Na liive mpaka katikati, pasiwe na damu.

Fundi Karai
Ila pia msilichomeshe! Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanatia ini, moyo na firigisi sufuria moja wakati mmoja. Firigisi inataka saa, ini linataka dakika tano hadi nane. Likipita hapo linakuwa chaki. Kitunguu kingi, hoho, pilipili manga, chumvi mwishoni, epua.

Mama Ndimu wa Tanga
Na tui zito kidogo la mwisho.

Fundi Karai
Tui kwenye maini hapana, mama.

Mama Ndimu wa Tanga
Njoo Tanga ule kwanza ndipo ukatae.

Mama Kulwa wa Sinza
Nimefuata kwa shemeji wa Kahama. Zilizobaki sita nimezichana kwa upande mwembamba nikaacha kisu nilipoona njano. Nne zimetoka na kijifuko kizima, mbili zimechanika. Sasa hivi ziko jikoni na tangawizi, dakika ya hamsini. Nimechoma uma, umeingia. Kulwa na Doto wamesimama hapa na sahani, wanauliza nani atakula ile kubwa.

Mwana wa Kakamega
Mpishi!