MREJESHO: Kuhusu uanachama wa chama cha radiografia na beji ya mionzi

Wakuu, mtakumbuka niliuliza mambo mawili: je, ukishalipa ada ya chama chetu cha wapiga picha za eksirei unahitaji tena usajili wa Baraza, chombo cha kisheria kinachotupa leseni? Na beji ya kupima mionzi ikikaa droo mwaka mzima kuna shida?

La kwanza mlinijibu sawasawa. Chama ni hiari, Baraza ni sheria. Nimehuisha leseni, chama nimebaki nacho kwa sababu kupitia wao nimepata mafunzo ya usalama wa mionzi.

La pili, jamani, nilikuwa naaibika mwenyewe. Mkufunzi alieleza kuwa kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka, ukikokotoa miaka mitano. Sasa beji ya droo inapima droo! Ripoti zangu za "salama" zote ni za mbao.

Niliporudi kazini nikafanya alichotufundisha: nikalaza mezani aproni yetu ya risasi (ile metali nzito inayozuia mionzi), nikaipiga eksirei. Pale kiunoni, tunapoikunjia kila siku kuitupa kitini, pana mstari mweusi mrefu kama kidole. Imepasuka ndani, kwa nje inang'aa. Bosi alinuna kidogo, ila amesaini ya kuagiza mpya, na fundi ametupigia hanga ukutani.

Beji naivaa kifuani, chini ya aproni. Dada aliyenishauri nirudi nyuma hatua kwenye mashine ya eksirei ya mkononi, asante: umbali ukizidi mara mbili, mionzi inabaki robo.