Mtu anakutukania ada ya mzazi kwa sababu ya "quarrel", na bado mnamwita mtaalamu?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka kijiweni sasa hivi, kahawa nimeiacha haijanyweka. Yule bwana mnamjua. Yule wa neno la leo, anayetembea na kamusi kwapani kama askari na bunduki. Sina haja ya kumtaja.

Leo kaleta quarrel, yaani ugomvi. Kasimama kabisa, katangaza eti asili yake ni mshale, kwamba wagomvi wanarushiana maneno kama watu wa kale walivyorushiana mishale. Makofi! Nikamwambia kwa adabu zote, "Kaka, hayo ni maneno mawili." Akanitazama kuanzia ndala hadi kofia, akasema: "Dogo, mzee wako alitupa ada yako ya shule."

Ada! Mbele ya wazee! Muuza kahawa kacheka mpaka birika likamponyoka. Mbuzi alikuwa anapita, akageuka kunitazama.

Quarrel ya ugomvi imepitia Kifaransa cha kale, ikitokea Kilatini querela: lalamiko. Ya mshale ni nyingine kabisa. Ni ule mshale mfupi wa upinde wa mtambo, wenye ncha ya pembe nne, na jina lake limetoka kwenye neno la Kilatini la mraba. Wafaransa mpaka leo wanayatenganisha: ugomvi ni querelle, mshale ule ni carreau. Kwenye Kiingereza ndiko tahajia zilikokutana.

Tena Biblia ya Kiingereza ya 1611, Wakolosai 3:13, imeandika quarrel. Fungua ya Kiswahili: "sababu ya kumlaumu mwenzake". Kulaumu! Mshale uko wapi hapo?

Halafu mzee wangu alitupa ada. Mzee aliyeuza korosho gunia baada ya gunia nisome. Alitupa! Kalitamka taratibu kabisa, anapuliza kahawa yake.

Pweza wa Feri: Pole mkuu. Ila mbuzi umemuongeza.

Mleta uzi: Mbuzi aligeuka. Waliokuwepo waseme.

Bi Mkubwa Tandika: Nilikuwa dirishani. Birika halikuanguka, ni kikombe. Ila ada ilitajwa, mpaka kwangu nimesikia.

Mleta uzi: Mmeona? Mpaka dirishani!

Kobe Haraka: Sasa dogo, neno tu ndiyo unaacha kahawa umeshalipia? Mimi angenitukania ukoo mzima ningemaliza kwanza kikombe.

Kobe Haraka: Halafu huyo huyo aliniambia debate ni neno la wastaarabu. Nikafuatilia, kumbe mzizi wake ni Kilatini battuere, kupiga! Na elfu kumi yangu hajarudisha tangu Ramadhani.

Pweza wa Feri: Elfu kumi? Mimi ana baiskeli yangu.

Mleta uzi: Tusitoke kwenye mada. Mzee wangu katukanwa.

Mama Chapati: Mnalilia quarrel nyie. Sisi shuleni ukiteleza ukasema Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unashinda nacho, jioni unakula fimbo. Kuomba ruhusa ya chooni kwa Kiingereza hatujui, tunabana tu.

Kobe Haraka: Kwetu kilikuwa kipande cha fuvu la ng'ombe, na kamba ya katani. Kinanuka! Unakaa nacho mpaka umnase mwenzako.

Bi Mkubwa Tandika: Mimi nilimnasa kaka yangu wa tumbo moja. Alikanyaga mwiba akasema "mama yangu", nikamvisha pale pale. Mpaka leo tukikutana misibani hanisalimii vizuri.

Mama Chapati: Ungemwacha autoe mwiba kwanza jamani.

Bi Mkubwa Tandika: Fimbo zilikuwa zinanisubiri mimi, shoga. Ningefanyaje?

Mleta uzi: Wakuu, ada.

Mama Chapati: Mwalimu wetu aliyekuwa anatuvisha, Kiingereza chenyewe akiongea na mkaguzi anatoka jasho.

Pweza wa Feri: Baiskeli ni nyeusi, kengele imekatika, kiti kimefungwa mpira. Atakayemwona nayo anicheki PM.